Rangi Zisubiri Kwanza

Mchoraji wa mandhari hana asubuhi ndefu pale katika hifadhi ya Mikumi, kwenye uwanda wa Mkata. Jua likishapanda, hasa Oktoba na mwanzoni mwa Machi linapopita karibu kabisa na utosi, vivuli hujikunja chini ya miti na uwanda wote unabaki bapa kama sinia. Ndiyo maana anayejua kazi hutoka alfajiri, tena rangi ameziacha mkobani. Mkononi ana mkaa na kipande cha karatasi kisichozidi kadi ya posta.

Hatua hii ya skechi ya mkaa naipenda kuliko upakaji wenyewe. Anafinya macho mpaka kope zinakaribia kugusana. Twiga anapotea, majani ya migunga hayahesabiki tena, yanabaki mabaka tu: meusi, ya kijivu, meupe. Hayo ndiyo anayoyachora, basi. Kumbe milima ya Uluguru yote, kwa ukubwa wake, ni kijivu chepesi, maana vumbi na moshi wa nyasi za kiangazi vimetanda katikati. Cheusi hasa ni mkwaju ulio karibu. Asiyefinya macho angeipaka milima giza kwa kuwa ni milima, na umbali wote ungekufa.

Mkaa nao una mambo yake. Wilaya ya Kilosa, iliyo eneo hilihili, inaujua mkaa vizuri. Kuanzia 2012 baadhi ya vijiji vyake viliingia katika mradi wa kuvuna miti kwa zamu ili msitu uchipue tena. Ila mkaa huo wa gunia, wa kupikia, ni mgumu, unakwaruza karatasi. Wa kuchorea hupatikana kwa kufungia vijiti vyembamba ndani ya kopo lenye tundu dogo, likakaa motoni mpaka moshi ukome.

Mchoraji Edward Saidi Tingatinga, aliyetumia rangi za baiskeli, hakuhitaji skechi ya mkaa wala kufinya macho. Mnyama aliyemchora alijitosheleza bila kivuli, na sioni kasoro. Uwanda ni jambo lingine.

Skechi ya kwanza mara nyingi hukataliwa. Weusi na weupe vikigawana karatasi nusu kwa nusu, jicho halijui pa kutua. Basi mkwaju unasogezwa, anga inapunguzwa, anaanza upya pembeni. Rangi zikija, kila moja inapimwa kando ya skechi kwa macho yaleyale ya kufinya. Kijani cha nyasi kikiwa na giza kuliko kijivu alichopanga, anakichanganya upya, hata kama nyasi zenyewe mbele yake ni za kijani kilekile.