Sifa ya Mhifadhi wa Viazi Vitamu

Miongoni mwa kazi za chakula, ya kuhifadhi viazi vitamu naiona imedhulumiwa sifa yake, kwa kuwa hutendeka shimoni, mbali na macho ya watu, na mpishi ndiye apewaye shukurani harufu ya kiazi kilichookwa inapofika hadi kwa jirani.

Huko Bungoma, katika kimo cha mita 1,400 hivi, aghalabu ardhi yenyewe ndiyo ghala, maana mtu huchimba vya siku hiyo akaviacha vingine tutani. Lakini kiangazi kikiingia na udongo ukapasuka, fukusi hupata njia, na kiazi kilichotobolewa hujihami kwa kutoa sumu chungu yenye harufu kali, isiyoondoka kwa kuchemshwa. Ndipo ustadi unapohitajika. Nimemwona mama mmoja wa Chwele akichambua viazi vyake, kila kimoja akikigeuza mkononi, akikipapasa penye mkwaruzo, kisha akikinusa kikonyoni, ambako fukusi hupenda kuingilia: vilivyokatwa na jembe vililiwa kwanza, na vyenye ukungu vilizikwa, kwani vyaweza kumuua hata ng'ombe.

Vilivyo salama hukaa siku chache penye joto na unyevunyevu hata majeraha yafunge gamba, ndipo viteremshwe katika shimo lililotandikwa nyasi kavu. Na humo, maadamu kiazi kingali hai na chapumua, sehemu ya wanga wake hugeuka sukari polepole. Moto huikamilisha kazi hiyo, kwa kuwa kiazi kinachopata joto taratibu majivuni huzidisha sukari ya maltosi, nayo ikiungua kidogo huzaa maltoli, ambayo ni asili mojawapo ya ile harufu tamu ya kuokwa. Ilhali rangi ya viazi vya chungwa, ikivunjika, hutoa manukato kama ya maua.

Kitale, ulio juu zaidi kwa mita 500 hivi, una usiku wa baridi, na kiazi kitamu kikikaa muda mrefu chini ya nyuzi 12 za Selsiasi moyo wake hubaki mgumu hata kikipikwa. Kwa hiyo mhifadhi wa huko sharti azidishe nyasi, wala asikifuatishe kiazi hiki desturi ya mbatata, ipendayo baridi.

Basi, ewe mnunuzi, uulizapo bei sokoni, uliza pia viazi vilichimbwa lini na vilikaa wapi, na aliyevitunza vizuri umlipe zaidi.