Mdeki wa Mkole

Mdeki wa gobore la baba mkubwa ulivunjika asubuhi moja ya Juni, wakati upepo wa Ufipa unapita Kasense kama uliotumwa. Ulivunjika mshazari, na ncha yake ikamchoma kiganjani. Hakusema lolote juu ya kiganja. Aliokota vipande viwili, akavigeuzageuza juani, akanionyesha jinsi nyuzi za mti zilivyokatiza kutoka ubavu huu hadi ule. "Huu haukuvunjika leo, mwanangu," akasema. "Ulivunjika siku ile fundi alipoupasua kwa msumeno."

Nimeyabeba maneno hayo miaka mingi. Mdeki ni ufito tu, umelala chini ya mtutu, na asiyejua hudhani ni pambo. Lakini gobore lisilo na mdeki ni bomba. Ndio unaosukuma tambara na goroli kutoka mdomoni hadi zikae juu ya baruti bila kuacha nafasi. Ndio unaopeleka kitambaa chenye mafuta kusafisha masizi jioni. Na gobore la baba mkubwa, ambalo leseni yake aliitunza pamoja na hati ya shamba, lilikuwa na tundu dogo, goroli yake haikufika milimita 10. Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu. Ukipunguza unene wa ufito kwa nusu, wepesi wake wa kupinda haupandi mara mbili, unapanda mara 16. Mti mbaya unaweza kujificha ndani ya mdeki mnene. Ndani ya mwembamba hauna pa kujificha.

Basi tukaanza kutafuta. Jirani mmoja alileta nondo. Baba mkubwa aliipokea kwa heshima, akaiegemeza ukutani, na pale ilibaki. Chuma kina historia yake: mwanzoni mwa karne ya 18 Waprusi waliwapa askari wao mideki ya chuma badala ya ile ya mti, na katika vita vya Mollwitz, mwaka 1741, kasi yao ya kushindilia ilisaidia kuwapa ushindi. Ila askari wale walikuwa na bunduki za serikali, zenye tundu pana. Nondo ya dukani ikisuguana kila siku na mdomo wa mtutu mwembamba, huula kidogokidogo, na goroli huanza kupotea njia.

Kilichonigusa ni kwamba aliyekataa chuma alikuwa Mfipa. Wazee wetu walijenga malungu, tanuri za udongo zenye kimo cha watu wawili, zilizovuta hewa zenyewe bila mivukuto, na chuma chake kikasafishwa tena katika tanuri ndogo kabla ya kufuliwa majembe. Magofu yake yangali yamesimama huku na huko, na Profesa Bertram Mapunda ameyachunguza na kuandika juu yake. Watu wanaokijua chuma kiasi hicho wanajua pia mahali kisipofaa.

Ikabaki miti. Mpingo ni mgumu, lakini ukipindwa hukatika ghafla. Mninga ni mti wa milango na vitanda. Mkaratusi wa shambani ulikuwa umekua kwa kujisokota, na nyuzi zake zikajisokota nao. Huku juu, kwenye mita 1,800 hivi, nyasi ni nyingi kuliko miti. Ikabidi tushuke kwa barabara ya Muze, karibu mita 1,000 chini hadi joto la bonde la Rukwa, kuufuata mkole. Ndio mti wa pinde na fimbo. Hukubali kupinda, kisha hurudi.

Alipita vichaka vingi bila kugusa kitu. Alitaka shina lililonyooka bila kifundo, lenye gamba ambalo mistari yake haizunguki. Tulirudi na vijiti vitatu tu. Nyumbani hakuushika msumeno. Alivipasua kwa kabari, akiuacha ufa utafute njia yake, kwa sababu ufa hufuata nyuzi, na msumeno hufuata mstari wa fundi. Kijiti kimoja kilipasuka kwa kupinda; akakitia jikoni siku hiyohiyo. Viwili vilivyobaki vilining'inia darini, mbali na moto, hadi maharage yakavunwa.

Kisha kisu, na baada ya kisu kigae cha chupa, ambacho hukwangua laini kuliko msasa. Kila baada ya kukwangua mara chache aliupitisha ufito kwenye tundu alilotoboa katika kibati, aone unakwama wapi. Akapaka mafuta. Akavisha ncha kofia ya shaba, akaipigilia msumari mwembamba kupita upande hadi upande.

Sehemu niipendayo kuliko zote ilikuja usiku. Alihakikisha mtutu ni mtupu, akatumbukiza mdeki, nao ukagota chini kwa mlio mkavu. Pale ulipokutana na mdomo wa mtutu akachora alama kwa kisu. Kuanzia hapo, alama ikizama hadi mdomoni, gobore ni tupu. Ikibaki juu, kuna kitu ndani.

Akaniwekea ufito mikononi, akanionyesha jinsi ya kuushika karibu na mdomo wa mtutu, shubiri moja, nisukume, nipandishe mkono, nisukume tena. Kovu lilikuwa bado jekundu kiganjani mwake.