Grafu Inapogeuka Kalenda

Mhariri anaanza na penseli, kompyuta ameifunga. Mezani pana makala ya kisayansi kuhusu panya shamba, kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Kutokana na kurasa hizo anatengeneza bango moja la maonyesho ya Nanenane, litakalosomwa na mkulima akiwa amesimama, mtoto mgongoni, vumbi la uwanja likimpiga usoni.

Anaisoma yote. Kisha anairudia akianzia kwenye majedwali, kwa kuwa humo ndimo jasho la mtafiti lilimo: mitego 300 katika shamba la hekta 3, usiku tatu mfululizo kila mwezi, mwaka baada ya mwaka tangu miaka ya 1990. Chambo ni siagi ya karanga na unga wa mahindi. Panya anayenaswa hupimwa uzito, hutiwa alama, huachiwa aende. Mhariri haharakishi kupita hapo. Anayefupisha kazi ya namna hii sharti kwanza auone ukubwa wake.

Pambizoni anaandika swali moja: mkulima afanye nini, na lini? Panya hufukua mbegu na kula miche michanga, hasa katika wiki mbili za mwanzo baada ya kupanda. Jibu liko hapo, na kila kitakachoingia bangoni kitalitumikia. Majedwali manne anayaondoa.

Kazi yenyewe ni grafu. Mstari wake unapanda na kushuka juu ya mhimili wenye tarakimu ambazo mpita njia hatazisoma. Anachukua rula, anagawa karatasi vyumba kumi na viwili, kimoja kwa kila mwezi, na juu ya kila chumba anachora matone ya mvua. Chini anapanga panya. Hapo ndipo nilipomstahi zaidi. Ingekuwa rahisi kuchora panya mkubwa kwa mwezi wenye panya wengi. Lakini mchoro ukiongezwa urefu mara mbili na upana mara mbili, eneo lake huwa mara nne, na jicho huamini eneo. Kwa hiyo panya wote ni wa kimo kimoja, idadi tu ndiyo inayobadilika. Macho yanaona masika yakipita, panya wakizaana, safu zikirefuka hadi Oktoba na Novemba.

Kuna tokeo moja analolitengea kisanduku: mvua nyingi za mapema, Novemba na Desemba, huweza kuleta uzao wa ziada na mlipuko wa panya msimu unaofuata. Neno “huweza” halifuti, ingawa bango lingevuma zaidi bila hilo. Rasimu inakwenda kwa mtafiti, inarudi na wino mwekundu, inakwenda tena.

Baadaye anampa mlinzi wa zamu aisome kwa sauti, huku yeye mwenyewe akinyamaza kabisa na kusikiliza. Mlinzi anadhani kila panya aliyechorwa ni panya mmoja. Mhariri hamsahihishi; anakwenda kuongeza ufunguo wa mchoro.

Chapa ya majaribio anaibandika ukutani, anarudi nyuma hatua kadhaa. Ufunguo anaupandisha juu, kwa kuwa uwanjani vichwa vya watu huziba nusu ya chini. Majina ya watafiti nayo anayapandisha, chini tu ya kichwa cha habari: mkulima mwenye hoja ajue amtafute nani.