Mzimu wa Nyuma ya Kalasi: Nani Anautunga?

Kama ulisoma Nyakabere, Sange, Kiliba ao Uvira mjini, hadithi hii unaijua tayari. Kuna choo nyuma ya shule. Magaribi, ao saa ya mvua, mtoto anakwenda kule peke yake na anaona mwanamke wa nguo nyeupe ambaye miguu yake haigusi chini. Mtoto anaanguka. Kesho yake kalasi nzima inakataa kuingia. Ukiuliza, "Nani aliona?" unajibiwa: "Si mie, ni kaka ya rafiki yangu wa kalasi ya sita." Ukimfuata huyo kaka, naye anakutuma kwa mwingine.

Katika vijitabu kama hiki tumezoea kusifu masimulizi ya wazee. Leo ninapenda kupima masimulizi ya watoto kwa kipimo kile kile: yamejengwa namna gani, yanasema nini, na nani anapata hasara yakishasemwa.

Ujenzi wake

Tuseme kweli, hadithi hii imejengwa vizuri. Imechagua mahali ambapo mwalimu hafiki na mtoto hana mwenzake. Shahidi wake hapatikani, kwa hiyo hakuna wa kuulizwa maswali. Tena haina mwisho. Katika hadithi za jioni, fisi anapata aibu, sungura anaponyoka, nasi tunakwenda kulala. Hii ya shule inabaki wazi, na kila anayeipokea anaongeza kipande chake. Ndiyo maana inatembea upesi kuliko barua ya direkta.

Udhaifu wake ni huu: mzimu wake hauna jina. Kwa wazee wetu mzimu alikuwa mtu. Jirani zetu Warundi wanaposema abazimu, wanasema wafu wa ukoo, watu waliojulikana, waliowekewa pombe na chakula. Akikasirika, kulikuwa na sababu: pengine amesahauliwa, pengine watoto wake wanagombana. Kulikuwa pia na njia ya kumtuliza. Mzimu wa shule hauna ukoo, haudai kitu, na hakuna anayejua namna ya kupatana nao. Kwa hiyo wale wanaosema "hii ni mila yetu" wanakosea. Kule Nigeria, wanafunzi wa bweni wanaogopa Madam Koi Koi, mwalimu mfu anayesikika kwa viatu vyake virefu. Pwani ya Kenya wanaogopa mwanamke mzuri mwenye kwato. Hadithi ya namna hii inazaliwa pale watoto wengi wanapokaa pamoja chini ya amri, na hofu haina pa kusemewa.

Somo la Kashasha

Mfano mkubwa katika nchi zetu ulitokea Kashasha, kilomita 40 hivi kutoka Bukoba, Tanganyika. Ilikuwa shule ya bweni ya wasichana, ya misioni. Tarehe 30 Januari 1962 wasichana watatu walianza kucheka bila kuweza kujizuia. Kufika tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, na shule ikafungwa. Ilifunguliwa tarehe 21 Mei, wengine 57 wakapatwa, ikafungwa tena mwisho wa Juni. Wasichana waliorudishwa kwao walifika na ugonjwa huo. Katika eneo la Nshamba watu 217 walipatwa, wengi wao vijana na watoto wa shule. Wahaya waliuita enwara yokusheka, yaani ugonjwa wa kucheka.

Waganga wawili, Rankin na Philip, walichunguza na kuandika mwaka 1963. Damu ilipimwa, chakula kikaangaliwa, sumu haikuonekana. Hakuna aliyekufa. Hata mwalimu mmoja hakupatwa, na hilo ni jambo kubwa. Watu wa kule walikuwa na maelezo yao: wengine walisema hewa imeharibiwa na mabomu ya atomiki. Nao wagonjwa wengine walikimbia wakisema kuna mtu anawafukuza. Ingekuwa kwetu, huyo mtu angekwisha kuvalishwa nguo nyeupe.

Hapa nina shitaka. Ulimwenguni habari hii inasimuliwa kama kichekesho: eti watu walicheka miezi na miezi bila kupumua. Si kweli. Kila shambulio lilidumu saa chache ao siku chache, 16 kwa wingi, na kilio kilichanganyika na kicheko. Mtaalamu wa lugha Christian Hempelmann alieleza mwaka 2007 kwamba kicheko kile hakikuwa furaha, kilikuwa dalili ya watu waliobanwa na mzigo wa mawazo. Basi hata wasomi wanaongeza kipande, sawa na mtoto wa kalasi ya sita.

Sisi je?

Sasa niseme la kwangu. Shule niliyosoma sitaitaja. Mwaka mmoja tulisikia kwamba usiku kuna kishindo katika kalasi, na kwamba ni mzimu. Nyuma ya uwanja aliishi mama mmoja mjane, muuza mihogo. Siku mbili hazikupita, tukasema, "Ni ule mama, anautuma." Tulimpiga mawe akipita na beseni yake kichwani. Mwisho alihama, akaenda kwa binti yake. Kishindo kikaendelea. Mwisho wa mwaka mwalimu mmoja alihesabu viti, akakuta vingi havipo. Zamu wa usiku alikuwa akivunja mbao na kuziuza. Wengine walisema yeye ndiye aliyeleta maneno ya mzimu. Mie ninafikiri hakuhitaji. Alitutegemea sisi. Kile kipande cha nguo nyeupe nilikiongeza mimi mwenyewe, nikiwa na miaka kumi na moja, kwa sababu wenzangu walikuwa wananisikiliza.

Yule mama hakuombwa radhi na mtu.

Ndiyo maana sikubali kuambiwa, "Acha, ni hadithi ya batoto." Neno mulozi likishatoka kinywani halirudi. Katika jimbo letu la Kivu ya Kusini, mwezi wa Septemba 2021 peke yake, wanawake wasiopungua wanane walioitwa walozi waliuawa, wengine kwa moto. Watoto nao wanashitakiwa, ingawa Sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inamwadhibu kwa kifungo mtu anayemshitaki mtoto ulozi. Kati ya mzimu wa chooni na moto huo kuna njia fupi, nasi tumeipita tukiwa wadogo.

Je, tuwakataze watoto kusimulia? Hapana. Kuogopa pamoja ni sehemu ya utoto, na kipaji kinachoonekana katika hadithi hii ni kipaji kweli. Lakini mwalimu akiisikia, asicheke, wala asichape fimbo, wala asimwite mtu wa maombi kabla ya kuuliza. Awape watoto kazi: kila mmoja aandike alichokiona kwa macho yake, na alichosikia kwa mwingine akiandike mbali. Kisha wahesabu viti. Waangalie kama choo kina mlango na taa. Waulize pia nani kati yao anaogopa kurudi nyumbani, nani amefukuzwa kwa deni la shule, nani hajala tangu jana. Kule Kashasha ilipimwa damu, ikapimwa na chakula. Huku kwetu, tungehesabu viti mapema, yule mama angebaki kwake.