Afande Jukwaani

Katika michezo yetu ya kuigiza hapa Uganda, afande huongea Kiswahili cha amri tupu, nasi hucheka. Mzaha huo una historia: KAR ilifunza kwata kwa Kiswahili, na enzi za Amin (1971–1979) raia waliisikia lugha hii kwenye vizuizi vya barabarani. Kambini, utani humliwaza kuruta. Kwa raia asiyethubutu kujibu, ni kitisho. Lakini Tarehe Sita, kumbukumbu ya shambulio la Kabamba la 1981, siku hizi huambatana na wanajeshi kutibu raia. Mbona watunzi wetu hawajampa afande neno "pole"? Kiswahili, lugha rasmi ya pili tangu 2005, kinastahili zaidi ya amri.