Kuijua Jeki Njema ya Kuzalishia Ng'ombe

Mfugaji anayenunua jeki ya kuvutia ndama huuliza kwanza kama ina nguvu. Swali hilo humpoteza. Nguvu si adimu: mtu mzima akivuta kwa mikono hufikia karibu kilo 70, na ng'ombe mwenyewe anaposukuma hapishani naye sana. Jeki, hata iliyo mbovu, hufika kilo 400 na kuzidi. Kwa mvuto huo utamvunja ndama mguu, utamchana mama yake, au utambana neva za nyonga asiweze kusimama tena. Kilicho adimu, na ndicho cha kulipia pesa, ni jeki inayolegea mara tu unapotaka ilegee.

Ukishika mojawapo dukani utaona fimbo ndefu ya chuma, kitako cha upinde kinachoegemea nyuma ya mapaja ya ng'ombe, na kichwa chenye mpini kinachotembea juu ya fimbo kikiwa na kulabu za kutundikia minyororo. Anza na kichwa. Peleka mpini mbele na nyuma bila mzigo, usikilize. Kila hatua ishike kwa mlio mmoja mkavu. Mlio ukisitasita, au kichwa kikirudi nyuma kidogo kabla ya kushika, kirudishe rafuni. Halafu mwombe muuzaji nguzo, funga mnyororo, vuta mpaka ukaze kweli. Sasa paka mkono sabuni ya maji na ujaribu kulegeza kwa mkono huo mmoja. Jeki nyingi hushindwa hapa. Nyingine hudai mikono miwili, nyingine hukataa kuachia mpaka uvute tena kidogo ndipo jino la kufungia lichomoke, na huko kuvuta tena kidogo ndiko kunakoumiza.

Uchungu huja na kupoa. Ng'ombe anaposukuma, unavuta naye. Anapopumzika, unalegeza, ili njia ipate muda wa kutanuka na ndama asibanwe kifua. Isitoshe, ng'ombe wengi hujitupa chini katikati ya kazi. Hapo fimbo ya mita moja na nusu au zaidi, iliyofungwa kwenye miguu ya ndama upande mmoja na kuegemea nyonga ya mama upande wa pili, huwa mtaimbo. Usipoweza kuachia papo hapo, kitu kitavunjika, na hakitakuwa chuma.

Kitako nacho kikague kwa kiganja. Pitisha mkono pote kinapogusa ngozi, hasa kwenye maungio ya kuchomelea. Kidonge kimoja cha chuma kilichosahauliwa na fundi kitachimba paja la ng'ombe anayehangaika. Kitako kizuri ni kipana, kimeviringwa, na hukaa chini ya uke bila kuubana mlango wake. Kipime kwa ng'ombe wako mwenyewe: kinachomtosha Friziani mkubwa kinaweza kucheza na kuteleza kwa mtamba wa Jersey au chotara mdogo, na wafugaji wengi wa nyanda za juu, kuanzia Rungwe hadi Nyandarua, wanao wa namna zote mbili.

Tazama pia kama fimbo inageuka pale inapoungana na kitako. Ndama hatoki kwa mstari ulionyooka. Kichwa na mabega vikishapita, mvuto lazima ushuke kuelekea kwato za mama. Akinasa kiunoni, azungushwe robo ya mzunguko ili upana wa nyonga zake ukutane na urefu wa nyonga za mama. Fimbo iliyochomelewa ikakakamaa hairuhusu lolote kati ya hayo. Zile za Vink kutoka Uholanzi naziheshimu kwa sababu zimeundwa kupishanisha miguu: huu unasogea, kisha ule, bega moja likitangulia kupita kabla ya jingine. Mzalishaji hodari wa mikono hufanya vivyo hivyo.

Fundi wa mtaani anaweza kukutengenezea jeki ya kufaa. Mpe bomba nene lililonyooka, mkatalie nondo, na umsisitizie kwamba kifungio kitakaguliwa kwa kulegea.

Minyororo inastahili jicho kali kuliko jeki yenyewe, maana ndiyo inayomgusa ndama. Iwe ya chuma kisichoshika kutu. Ivute taratibu ndani ya kipande cha kanga kuukuu: ikinasa uzi hata mmoja, itachuna ngozi laini ya mguu. Mfupi, wa sentimita 75 hivi, hutosha mguu mmoja. Wa 150 hufunga yote miwili. Kitanzi kikae juu ya kifundo cha juu ya kwato na kingine chini yake, ili mzigo ugawanyike. Kitanzi kimoja peke yake ndicho kinachovunja mfupa. Kamba ya katani iache ifunge zizi: inakwaruza, inanyonya maji ya uzazi, na haisafishiki. Mnyororo unachemshwa, na jambo hilo si dogo, kwa kuwa ugonjwa wa kutupa mimba humwambukiza binadamu kupitia maji hayohayo. Vaa glavu ndefu. Kilainishi kiwe kingi, kuliko unavyodhani kinahitajika.

Hakuna jeki, hata bora kuliko zote, inayorekebisha ndama aliyekaa vibaya. Ingiza mkono kwanza: miguu miwili ya mbele na kichwa, vyote vikielekea nje. Kisha vuta kila mguu kwa mikono. Kifundo kikitoka nje ya uke kwa upana wa kiganja, bega limeshaingia nyongani na jeki inaweza kusaidia. Kikikataa, mpigie daktari wa mifugo afanye upasuaji, na jeki usiitundike. Ndama anayetanguliza miguu ya nyuma ni hesabu nyingine: viuno vikishatoka hakuna kusubiri, kwa sababu kitovu kinabanwa huku kichwa bado kiko ndani.

Kwa jeki iliyokwishatumika, muuzaji atakuonyesha rangi mpya. Wewe mwombe afungue kichwa. Ncha ya jino la kufungia iwe kali na springi irudi kwa nguvu. Ncha ikiwa imeviringika, jino lenyewe libadilishwe kwanza kabla ya bei kuzungumzwa, kwani kulinoa kwa tupa hulifupisha na litaachia wakati wa mzigo. Angalia pia kulabu zote mbili zikae sawasawa. Iliyopinda imeshavuta kitu ambacho hakikupaswa kuvutwa, na kichwa chote kilibeba mzigo huo.