Kwa Fundi wa Kava

Mashine ya boti ikikataa kuwaka, sifa humwendea makanika. Ndiye aliyefungua kabureta, akasafisha plagi, akavuta kamba mpaka mngurumo ukasikika gati zima. Fundi wa kava hapigiwi makofi na mtu. Kava ni ganda, watasema, na boti hata bila ganda itakwenda.

Itakwenda, ndiyo. Mashine ambazo Ole Evinrude alianza kuziuza huko Milwaukee, Marekani, mwaka 1909 hazikuwa na kava. Flaiwili ilizunguka juu, wazi kabisa, na mwenye mashine alijua mwenyewe pa kuweka mkono. Lakini hebu mtu apande boti ya mashine ya nguvu za farasi 40 kutoka Lamu kuelekea Shela wakati wa kusi, maji yanatoka na upepo unaingia, kisha akae nyuma karibu na nahodha. Kila wimbi linalopigwa na omo hurudi kwa upepo na kumwagika juu ya mashine. Chini ya kava kuna koili, nyaya, kabureta na vyuma vya aina mbalimbali vilivyogusana, na vyote hivyo ni chakula cha chumvi. Mashine iliyotembea uchi msimu mmoja utaijua kwa unga mweupe kwenye maungio ya nyaya, na haupiti muda inaanza kukohoa.

Tena kava halizuii tu, linapumulisha. Lita moja ya petroli huhitaji karibu mita 9 za ujazo za hewa ili iungue sawasawa, na hewa yote hiyo hupita katika tundu lililo nyuma ya kava, likielekea upande ambao maji hayatokei. Ndani kuna kuta ndogo zinazoizungusha hewa, matone yadondoke kabla hayajafika kwenye kabureta. Nimeona makava yaliyozibwa tundu hilo kwa faiba na mtu aliyedhani anaongeza kinga. Mashine ilikuwa inakabwa, na nahodha akailaumu petroli.

Makava mengi hayavunjikii baharini. Huvunjikia gatini, boti zikibanana kwenye ngazi wakati wa kupwa, au kijana anapolilaza juu ya mawe ili asafishe plagi na abiria mwenye mzigo kichwani akalikanyaga. Mengine huruka njiani kwa sababu klipu imeliwa na chumvi, yakaokotwa yakiwa yamepasuka kuanzia pale klipu ilipokaa, kwa kuwa hapo ndipo nguvu zote hukusanyika.

Fundi anayejua kazi huanza kwa kusoma mahali palipovunjika. Ukingo ukitoa nyuzi, hiyo ni faiba, yaani kioo kilichovutwa kikawa uzi na kushikanishwa kwa rezini. Ukingo ukiwa laini, umepauka pale ulipopinda kabla ya kukatika, hiyo ni plastiki, na makava mengi ya mashine mpya ni ya plastiki. Plastiki ya namna hii haishikani na rezini hata ubembeleze vipi. Inataka moto na vijiti vya plastiki ya jinsi yake. Watu wa Lamu si wageni wa kazi hiyo. Jahazi la Flipflopi lilijengwa pale pale chini ya fundi Ali Skanda kwa plastiki iliyotupwa, likashushwa majini mwaka 2018 na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Lakini hapa nataka kuzungumzia faiba, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nimheshimu fundi wa kava.

Kwanza huliosha kava kwa maji matamu, kisha hulifuta kwa asetoni mpaka kitambaa kitoke safi. Mpangilio huo hauna mjadala: ukipiga msasa kabla ya kutoa grisi, unaisukuma grisi ndani ya mikwaruzo, na kiraka kitabanduka. Baada ya hapo fundi hupiga kava kwa ncha ya kidole, sentimita kwa sentimita, kuanzia kwenye ufa na kwenda nje, kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Palipo pazima hutoa mlio mkali. Palipo na tabaka zilizoachana ndani hutoa mlio bubu, ingawa rangi ya juu haina hata mkwaruzo. Anachora mstari kwa kalamu kuzunguka eneo bubu, na ukishalinganisha mstari huo na ufa ulioonekana kwa macho, unashangaa jinsi jicho lilivyokuwa limepunjwa.

Halafu hufanya jambo linalomtia wasiwasi kila mwenye boti. Hutoboa tundu dogo penye mwisho wa ufa ili usiendelee kutambaa, kisha hushika grainda na kuupanua. Huusaga upande wa ndani mpaka ukingo uwe mteremko mrefu, mwembamba. Kanuni ni kumi na mbili kwa moja: faiba yenye unene wa milimita 3 hutaka mteremko wa milimita 36 kila upande. Ufa uliokuwa uzi mwembamba sasa ni bonde pana karibu kama kiganja.

"Fundi, mbona unalipasua zaidi?"

"Ufa haujafika mwisho wake, mwanangu. Wataka ufike ukiwa baharini?"

Hapa ndipo ninapoona ukubwa wa ufundi wenyewe. Wazee wa pwani walijua kuzuia maji karne nyingi kabla ya rezini. Kalafati alishindilia pamba yenye mafuta kwenye maungio ya mbao, na chombo kikapakwa deheni ya chokaa na shahamu chini. Lakini mbao hucheza, na kazi ya kalafati ilikuwa kuijaza nafasi huku akikubali kwamba nafasi ipo na itaendelea kuwepo. Faiba haikubali nafasi. Kiraka lazima kiwe mwili mmoja na kava, na njia pekee ya kukifanya kiwe mwili mmoja ni kukipa mahali papana pa kushikia. Ndiyo maana wale wanaojaza ufa kwa filla, wakaipiga msasa na kupaka rangi, siwezi kuwaita mafundi. Filla haina nyuzi. Mashine ikitetemeka wiki mbili tatu, ufa hurudi pale pale, na safari hii umeshazunguka kona.

Rezini huchanganywa na hadina kwa kipimo kidogo sana, asilimia 1 hadi 2 ya uzito. Katika joto la Lamu fundi hukaa karibu na 1, na bado ana dakika chache tu kabla kikombe hakijageuka uji mzito, kisha kikapata moto wa kuunguza vidole. Kwa hiyo huchanganya kidogo kidogo. Hulaza kitambaa cha faiba kikavu, cheupe kabisa, na kukigongagonga kwa brashi yenye rezini. Nyuzi zinaanza kupotea. Weupe unayeyuka kutoka katikati kwenda pembeni mpaka unaona mkwaruzo wa msasa ulio chini yake. Panapobaki doa jeupe pana hewa, na hewa ni udhaifu. Hulifuata kwa rola ya chuma mpaka litoke ukingoni. Mafundi hubishana kama kipande kikubwa kiwekwe kwanza au mwisho. Mimi niko upande wa wanaoanza na kikubwa, kwa sababu msasa wa mwisho hauzikati nyuzi zake.

Na ajue pa kuishia. Kiraka kinene humfurahisha mteja, lakini juu ya mashine, karibu kabisa na kava, kuna flaiwili inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika. Wenye busara hubandika vidonge vya unga uliokandwa juu ya kiraka kilichokauka, wakafunga kava taratibu, wakalifungua tena. Kidonge kilichobondeka kinasema milimita ngapi zimebaki. Nafasi ikiwa ndogo, kiraka kinasagwa, hata kama kilimgharimu jasho la siku nzima.

Jambo moja linaniuma. Vumbi la faiba ni kioo kinachoingia kifuani, na hadina ikiruka jichoni inaweza kupofusha. Bado naona vijana wakisaga vifua wazi, shuka limefungwa puani. Mwenye boti anayelipia rezini alipie pia barakoa na miwani, na aviweke kwenye hesabu tangu siku ya makubaliano.

Upande wa nje hubaki kazi ndogo: filla nyepesi, sasa mahali pake panapostahili, msasa wa maji, rangi. Mpira wa ukingoni ukiwa umekakamaa, hubadilishwa, la sivyo maji yatapita chini ya kava zima.

Yapo makava yasiyotengenezeka, yaliyorudi bila nusu ya mbele. Kwa hayo fundi huazima kava zima la mashine ya aina hiyo hiyo, akalipaka nta tabaka baada ya tabaka, akajenga kalibu juu yake. Kalibu huwa la vipande viwili, maana pande za kava hujikunja na kipande kimoja kisingechomoka. Likishapatikana, kila mashine ya aina hiyo mjini ina pa kukimbilia, hata zile ambazo vipuri vyake haviletwi tena madukani. Kava la kuazima hurudishwa kwa mwenyewe likiwa limefutwa nta, na klipu zake zimetiwa grisi.